William Goebel, Seneta Aliyeuawa Mbele ya Bunge

Katika jimbo la Kentucky, Marekani, kila anayeapishwa kushika madaraka ya umma, awe gavana au mbunge, na hata kila wakili, huapa jambo ambalo wageni hulistaajabia. Huapa kwamba tangu katiba ya sasa ianze kutumika hajapigana na mtu kwa silaha za kuua katika pambano la kupatana, yaani lililopangwa mapema na wapiganaji wenyewe, hajamwita mtu kwenye pambano la namna hiyo, hajaitikia mwito wake, wala hajasimama kuwa msaidizi wa mpiganaji. Kiapo hicho kilikuwa na sababu nzito. Katika karne ya 19 wakubwa wa Kentucky, wakiwemo mawakili, wenye mabenki, wahariri na majenerali, walikuwa na desturi ya kumalizana kwa bastola. Mtu aliyetukanwa gazetini hakukimbilia mahakamani; alivaa koti lenye mfuko mpana akaenda kumtafuta aliyemtukana.

Mwaka 1895 kiapo hicho nusura kizime siasa za William Goebel, seneta katika bunge la jimbo hilo. Mahakama ilimwokoa. Miaka mitano baadaye hakukuwa na wa kumwokoa.

Goebel alizaliwa tarehe 4 Januari 1856 katika jimbo la Pennsylvania, mtoto wa kwanza wa wahamiaji kutoka Hanover, Ujerumani. Nyumbani walisema Kijerumani, naye hakujua Kiingereza mpaka alipokuwa mtoto wa kama miaka sita. Baba yake alipigana upande wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na baadaye familia ikahamia Covington, mji wa Kentucky unaotazamana na Cincinnati ng'ambo ya mto Ohio. Kijana aliwekwa kwa sonara kujifunza kazi, akaiacha, akaingia katika ofisi ya wakili John W. Stevenson, aliyewahi kuwa gavana. Alihitimu sheria Cincinnati mwaka 1877, na baadaye akarudi kwa Stevenson akiwa mshirika wake. Kwa jimbo ambalo uongozi ulirithiwa na familia za Waingereza wa zamani na maofisa wa jeshi la Kusini, mtoto wa fundi wa Kijerumani aliyepigania Kaskazini alikuwa mgeni wa kweli.

Mwaka 1887 alichaguliwa kuingia Seneti ya Kentucky kwa tiketi ya chama cha Demokrati. Msomaji akumbuke kwamba kila jimbo la Marekani lina bunge lake lenye mabaraza mawili, na hilo ndilo linalotunga sheria za shule, barabara, uchaguzi na leseni za makampuni. Kwa mwananchi wa kawaida wa wakati huo, bunge la Frankfort, mji mkuu wa Kentucky, liligusa maisha yake kuliko Congress ya Washington. Ndani ya bunge hilo kulikuwa na mgeni mmoja ambaye hakuchaguliwa na mtu lakini alikuwa na nguvu kuliko wabunge wengi: kampuni ya reli ya Louisville na Nashville. Mkulima aliyetaka kusafirisha tumbaku yake au mwenye mgodi wa makaa ya mawe hakuwa na njia nyingine ila kulipa bei iliyotakwa na kampuni. Wakala wake bungeni alikuwa Basil Duke, jenerali wa zamani wa jeshi la Kusini, mtu mcheshi na mwenye marafiki kila meza.

Wabunge waliotumwa na kampuni walipotaka kuifuta Tume ya Reli ya jimbo, Goebel alikuwa katika kamati iliyochunguza jinsi kampuni ilivyoshawishi kura bungeni, na ripoti ya kamati hiyo ikauzima mpango huo. Kisha, katika mkutano wa kuandika katiba mpya wa mwaka 1890, alihakikisha tume hiyo inaingizwa ndani ya katiba yenyewe, ili bunge lisiweze kuifuta tena kwa kura ya mchana mmoja. Hapo naona ubora wake. Alielewa kwamba adui mwenye fedha hushindwa kwa maandishi yasiyofutika, na aliyaandika. Alitetea pia wafanyakazi wa reli walioumia kazini, na alipigana na wenye barabara za kulipia, ambao walikuwa wamejaza vizuizi kote vijijini na kumtoza mkulima kila alipopeleka mazao sokoni.

Lakini hakuwa mtu wa kupendwa. Hakuoa na hakuwa na marafiki wengi. Hakupenda kupeana mikono wala kubeba watoto wa wapiga kura, na alipanda jukwaani kama mtu anayesoma hukumu. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu kali, subira, na ujuzi wa kuhesabu kura za wenzake kabla hazijapigwa. Mwaka 1894 wenzake walimchagua kuwa rais wa muda wa Seneti. Wapinzani walimpa majina ya kifalme na ya kibosi, naye hakuonekana kuyajali.

Mmoja wa waliopoteza fedha kwa sababu ya sheria zake za barabara alikuwa John Sanford, mwenye benki wa Covington aliyewahi kupigana katika jeshi la Kusini. Sanford alilipiza kwa kumzuia Goebel asipate nafasi katika Mahakama ya Rufaa ya jimbo. Goebel akajibu kwa gazeti: makala iliyomtaja Sanford kwa jina la ugonjwa wa zinaa, "John wa Kisonono." Ni tusi ambalo hata leo lingevunja urafiki wa ukoo mzima, na aliyelitoa alijua fika desturi ya mahali alipo.

Tarehe 11 Aprili 1895 Goebel alikwenda benki Covington pamoja na wenzake wawili, mmoja wao mwanasheria mkuu wa jimbo. Sanford alikuwa amesimama kwenye ngazi. Alimsalimia mwanasheria mkuu kwa mkono wa kushoto; wa kulia ulibaki mfukoni. Akamuuliza Goebel kama anakiri kuandika makala ile. Goebel alikiri. Risasi mbili zililia karibu kwa pamoja. Ya Sanford ilitoboa koti na suruali ya Goebel bila kumgusa mwilini. Ya Goebel ilimpiga Sanford kichwani, naye akafa baada ya saa chache. Mashahidi waliosimama hatua chache tu kutoka hapo hawakuweza kusema nani alianza. Goebel aliachiwa kwa hoja ya kujitetea, na kwa kuwa mahakama haikuona kwamba lilikuwa pambano la kupatana, kile kiapo hakikumfunga. Mke wa marehemu na watoto wake walibaki na kaburi, na nusu ya Kentucky ilibaki ikimwita Goebel muuaji.

Mwaka huohuo Kentucky ilipata gavana wake wa kwanza wa chama cha Republican, William O. Bradley. Mwaka uliofuata William McKinley wa Republican alishinda jimbo hilo katika uchaguzi wa rais kwa tofauti ya kura zisizofika 300. Wademokrati, waliozoea kutawala tangu vita viishe, walishikwa na hofu. Goebel alikuwa na dawa, na dawa hiyo ndiyo chanzo cha yote yaliyofuata.

Mwaka 1898 alipitisha sheria ya uchaguzi iliyojulikana kwa jina lake. Iliunda tume ya watu watatu walioteuliwa na bunge, yaani na Wademokrati waliokuwa wengi bungeni. Tume hiyo iliteua wasimamizi wa kila wilaya, na hao wakateua wasimamizi wa vituo. Tume ndiyo iliyokusanya matokeo na kumtangaza mshindi. Kama kulikuwa na mzozo wa ugavana, bunge lenyewe ndilo lililoamua. Gavana Bradley aliikataa kwa kura ya turufu. Bunge likaipitisha juu ya kichwa chake. Goebel alisema wizi wa kura ulikuwa mwingi mijini na kwamba sheria ya zamani haikuuzuia. Wizi ulikuwepo kweli, na pande zote mbili ziliushiriki. Lakini mtu anayejiandaa kugombea ugavana hapaswi kuandika sheria ya nani atahesabu kura zake. Hata Wademokrati wengi waliiona hivyo, wakasema wazi.

Juni 1899 chama kilikutana katika ukumbi wa muziki wa Louisville kuteua mgombea. Aliyetangulia alikuwa P. Wat Hardin, kipenzi cha kampuni ya reli. Goebel alipatana na mgombea wa tatu, William J. Stone, wagawane wajumbe wa Louisville ili kumwangusha Hardin. Kura zilipigwa siku baada ya siku, huku polisi wakiwa wamejaa ukumbini na makelele yakizima sauti ya mwenyekiti. Mwishowe Stone alijikuta ametumiwa kisha akaachwa, na Goebel akatoka na tiketi mkononi. Wademokrati waliokasirika walijitenga wakamsimamisha gavana wa zamani, John Y. Brown. Republican walimsimamisha mwanasheria mkuu wa jimbo, William S. Taylor.

Kampeni ilikuwa ya reli kuliko ya kitu kingine. Goebel alizunguka akiuliza kama kampuni ya Louisville na Nashville ni mtumishi wa watu wa Kentucky au bwana wao. Kampuni ilimwaga fedha dhidi yake bila kificho. William Jennings Bryan, mgombea urais wa Demokrati wa mwaka 1896, alikuja kumpigia debe akisafiri kwa treni ya pekee. Siku ya uchaguzi, tarehe 7 Novemba, Gavana Bradley alipeleka wanamgambo Louisville akidai kulinda amani. Wademokrati walisema wamepelekwa kuwatisha wapiga kura.

Matokeo yalikuwa Taylor 193,714 na Goebel 191,331. Brown alipata zaidi ya 12,000, nyingi zikiwa za Wademokrati ambao Goebel aliwahitaji. Tofauti ilikuwa kura 2,383.

Macho yote yakageukia tume. Wajumbe wake watatu walikuwa Wademokrati, na kila mtu aliamini wameteuliwa kwa kazi moja tu. Wanasheria wa chama walileta malalamiko: karatasi za kura nyepesi zilizoruhusu kuona ndani, vitisho vya askari Louisville, shinikizo la kampuni ya reli kwa wafanyakazi wake. Desemba, kwa kura mbili dhidi ya moja, tume ilisema kwamba kazi yake ni kujumlisha matokeo yaliyoletwa, si kuwa mahakama, na kwamba aliyeshinda ni Taylor.

Uamuzi huo hausifiwi inavyostahili. Watu wawili waliteuliwa na chama chao, chini ya sheria iliyoandikwa na mgombea wa chama chao, wakajua watakavyotukanwa, na wakasoma hesabu kama ilivyokuwa. Kama hadithi ingeishia hapo, Kentucky ingekuwa na mfano wa kuwafundisha watoto shuleni. Tarehe 12 Desemba Taylor aliapishwa. Inasemwa kwamba Goebel mwenyewe alielekea kukubali yaishe. Chama ndicho kilichomsukuma atumie mlango wa mwisho ambao sheria yake iliuacha wazi: kupeleka malalamiko bungeni.

Januari 1900 bunge liliunda kamati ya watu 11 kuchunguza. Majina yalichaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, lakini bahati ile iliwaangukia Wademokrati karibu wote, na hakuna aliyeamini kwamba sanduku lilitikiswa kwa haki. Republican waliona mwisho wa filamu mapema: kamati ingefuta kura za kutosha na kumpa Goebel kiti. Caleb Powers, Katibu wa Jimbo, kijana kutoka milima ya mashariki, alipanga jibu. Tarehe 25 Januari treni za Louisville na Nashville ziliteremsha Frankfort mamia ya wanaume wa milimani wenye bunduki. Walitembea kwenye viwanja vya bunge na kulala katika majengo ya serikali. Wademokrati nao walikuwa na watu wao wenye silaha. Mji mdogo kando ya mto Kentucky ulijaa watu ambao hawakuwa na shughuli yoyote ila kungoja.

Wengi wa wale wa milimani walirudishwa makwao siku chache baadaye. Wengine walibaki.

Asubuhi ya tarehe 30 Januari, kamati ikiwa inakaribia kutoa uamuzi, Goebel alikwenda bungeni kwa miguu. Alionywa mara nyingi asitembee hadharani. Siku hiyo alisindikizwa na watu wawili, Jack Chinn na Eph Lillard, mkuu wa gereza la jimbo. Walipita lango la viwanja vya jengo la bunge, jengo la mawe lenye nguzo za Kigiriki, wakashika njia ya kuelekea mlangoni. Ilikuwa saa tano na robo hivi. Upande wao wa kulia lilisimama jengo la ofisi za serikali. Ukasikika mlio wa bunduki, kisha mingine minne au mitano. Goebel alianguka. Risasi ilikuwa imepenya kifua chake upande wa kulia. Waliokuwepo walisema milio ilitoka dirisha la chini, ofisi ya Katibu wa Jimbo Caleb Powers. Powers mwenyewe alikuwa ameondoka mjini asubuhi hiyo.

Walimbeba hadi Hoteli ya Capital. Taylor alitangaza kwamba kuna uasi, akaita wanamgambo, akaamuru bunge lihamie London, mji mdogo wa kusini-mashariki ambako Republican walikuwa wengi. Wabunge wa Demokrati walikataa. Walijaribu kukutana katika jumba la michezo ya kuigiza na katika mahakama ya wilaya. Kila walikokwenda askari wenye singe waliwazuia. Wakakutana hotelini, kimya, bila mbunge hata mmoja wa Republican, wakatia saini ripoti ya kamati: kura za kutosha zimefutwa, Goebel ni gavana, na J. C. W. Beckham, kijana wa miaka 30, ni makamu wake. Goebel aliapishwa akiwa kitandani tarehe 31 Januari. Kazi yake ya ugavana ilikuwa agizo la kuwarudisha wanamgambo makwao na kuliita bunge lirudi Frankfort. Wanamgambo wa Taylor hawakuitii. Jimbo moja likawa na magavana wawili, na kila mmoja alikuwa na askari wake.

Alikufa jioni ya tarehe 3 Februari 1900, akiwa na miaka 44. Chama kilitangaza maneno ya kuaga yenye ujasiri, yakiwahusia marafiki wawe waaminifu kwa watu wa kawaida. Irvin Cobb, mwandishi wa habari kijana aliyekuwa Frankfort siku hizo, aliandika baadaye kwamba maneno yake ya mwisho hasa yalikuwa malalamiko kwa daktari juu ya chaza mbaya alizokula. Mwili ulipelekwa Covington, kisha ukarudishwa Frankfort kuzikwa, na chuki dhidi ya Louisville na Nashville ilikuwa kali kiasi kwamba jeneza lilipitishwa njia ya kuzunguka, kuvuka mto hadi Cincinnati na kushuka kwa reli ya kampuni nyingine.

Beckham aliapishwa mara baada ya kifo. Kwa miezi mitatu hivi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilibaki umbali wa hasira ya mtu mmoja. Kilichovizuia ni kwamba pande zote mbili zilikubali kwenda mahakamani. Mahakama ya Rufaa ya Kentucky ilimpa Beckham haki mwezi Aprili, na tarehe 21 Mei 1900 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema haina mamlaka ya kuingilia mgogoro wa ugavana wa jimbo. Jaji John Marshall Harlan, mwenyewe mtu wa Kentucky, alipinga uamuzi wa wenzake. Taylor alikwisha kukimbilia Indiana, na magavana wa huko walikataa kumrudisha. Kesi yake haikuwahi kusikilizwa.

Ndipo ilipoanza sehemu inayonikera kuliko zote. Bunge lilitenga dola 100,000 za kuwasaka wauaji. Fedha nyingi namna hiyo, katika jimbo maskini, zilileta mashahidi wengi, na ushahidi wao ulibadilika kila kesi iliposikilizwa upya. Upande wa mashtaka ulidai njama ilipangwa na Powers, kwamba karani Henry Youtsey aliandaa chumba, na kwamba aliyevuta kifyatulio ni James Howard wa wilaya ya Clay, mtu aliyehusika katika uhasama wa damu kati ya koo za milimani na aliyefika Frankfort akitafuta msamaha wa gavana kwa mauaji mengine. Kesi za Powers zilisikilizwa Georgetown, za mwanzo chini ya jaji aliyekuwa rafiki wa kisiasa wa marehemu, na majopo ya raia yalijazwa wafuasi wa Demokrati. Alitiwa hatiani mara tatu, mara ya tatu akihukumiwa kunyongwa, na kila mara Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha hukumu. Mara ya nne jopo lilishindwa kukubaliana. Howard na Youtsey walifungwa maisha.

Haki haipatikani kwa njia hiyo. Mtu aliyeuawa anastahili uchunguzi unaotafuta ukweli, na Goebel hakuupata. Alipata uchunguzi uliotafuta ushindi, ulioendeshwa kwa roho ileile iliyoandika sheria ya uchaguzi ya 1898. Sheria hiyo yenyewe haikudumu: Beckham aliita kikao maalumu mwaka huohuo 1900 na bunge likaibadilisha, kwa sababu hata walionufaika nayo hawakuweza kuitetea tena.

Mwaka 1908 gavana wa Republican, Augustus Willson, aliwasamehe Powers na Howard. Mwaka uliofuata akamsamehe Taylor. Powers alikuwa amekaa gerezani miaka minane. Watu wa milimani walimchagua kwenda Congress, akakaa huko kuanzia 1911 hadi 1919, miaka minane vilevile. Youtsey aliachiliwa kwa masharti mwaka 1916 na kusamehewa mwaka 1919. Taylor alikufa Indiana mwaka 1928.

Leo sanamu ya Goebel imesimama mbele ya bunge la zamani, ambalo sasa ni makumbusho, na kibao kinaonyesha mahali alipoanguka. Ndiye gavana pekee wa jimbo katika historia ya Marekani aliyeuawa akiwa madarakani, na alishika madaraka hayo kwa siku nne tu, akiwa mahututi. Aliyempiga risasi hajathibitishwa mpaka leo.